Fisi wa Noonkopir Asiyepiga Kelele

Wengi wetu, msomaji, tukisikia kwamba watoto wadogo wanafundishwa kuigiza, hudhani wanafundishwa kupiga kelele. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipoanza kukutana na watoto wapatao ishirini kila Jumamosi hapa Noonkopir, katika mji wa Kitengela, chini ya paa la mabati, karibu na barabara ya Namanga ambako malori hayanyamazi.

Mwanzoni niliwapa maneno wakariri. Lo! Walisimama wima kama askari wa gwaride, wakapayuka kwa pamoja hata koo zikawakauka. Ndivyo nilivyofunzwa mimi. Mashindano ya maigizo ya shule zetu Kenya yalianza mwaka 1959, na hapana shaka yametutolea wachezaji hodari, lakini pia yametuzoesha kuamini kwamba asemaye kwa nguvu ndiye asemaye vizuri.

Nikaziweka karatasi kando. Nikawaambia waweke kiganja tumboni, wavute pumzi mpaka kiganja kisogee, kisha waitoe polepole kama mtu aitaye ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Sauti yenye pumzi ya kutosha hufika mbali, na koo haliumii. Halafu tukaingia kwa wanyama: tembo, sungura, fisi. Sikuwaambia walie kama fisi. Niliwauliza: fisi huyu ana njaa tangu lini? Mguu gani unamwuma? Anamwogopa nani? Mwili ukishageuka, sauti hufuata yenyewe.

Palikuwa na mvulana wa miaka minane ambaye kwa majuma matatu hakutamka neno. Siku hiyo aliinamisha mabega, akaburuta mguu, akasema kwa sauti ya chini yenye mkwaruzo, "Wanangu hawajala."

Chumba kizima kilinyamaza. Baadaye nikamwuliza amemtoa wapi fisi yule.

"Ni babu, mwalimu. Wakati ule ng'ombe walipokufa."

Ukame wa mwaka 2022 uliimaliza mifugo mingi ya Kajiado. Yeye alikuwa na miaka mitano tu, kumbe alikuwa akisikiliza.

Tulipowaalika wazazi, mgeni mmoja aliniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu, mwambie apaze sauti." Nikakataa. Mara lori likapita, mabati yakatetemeka. Tukangoja likaenda zake, naye fisi akaanza tena, taratibu vilevile.