Spika Haijafa, Pima Ethi Kwanza

Mziki wa gari ukianza kukoroma, wa kwanza kulaumiwa ni spika. Hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, wenye daladala wengi hununua spika mpya, na baada ya muda mkoromo uleule unarudi.

Kabla ya kutoa hela, ipime ya zamani. Chomoa nyaya zake mbili, kisha zigusishe temino zake na betri ya tochi ya volti 1.5, mguso wa mara moja tu. Spika nzima hutoa mlio mfupi na koni yake huruka. Kama iko kimya kabisa, koili imekatika. Hiyo kweli ibadilishe. Angalia pia koni inarukia wapi. Chanya ikigusa chanya, inasogea mbele. Spika mbili zikifungwa kinyume, moja inasukuma hewa na nyingine inaivuta, besi inapotea ingawa zote ni nzima.

Spika ikiruka vizuri, hamia kwenye ethi, ule waya unaotoka kwenye amplifaya kwenda bodi ya gari. Hapa ndipo kilipo kiini cha matatizo mengi. Amplifaya inayotoa wati 500 kwa umeme wa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 40 ikikazwa. Rangi au kutu kidogo chini ya bolti ikileta ukinzani wa omu 0.1 tu, ampea 40 zikipita hapo zinapoteza volti 4. Amplifaya inabaki na 8. Hapo inajizima, au inatoa sauti iliyokatwakatwa ambayo inaweza kuchemsha koili ya spika hadi kuiunguza. Kwa hiyo ethi mbovu inaweza kuua spika, na ile mpya utakayofunga ikafuata njia hiyohiyo. Hata ule mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta, mara nyingi chanzo chake ni ethi.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya Dar es Salaam, lakini gari linalobeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba huchuruzikiwa maji ya barafu sakafuni, palepale ilipofungwa bolti ya ethi, na kutu huanzia hapo.

Ili kupima ethi, washa injini, fungulia mziki kwa nguvu. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye temino hasi ya betri, nyingine kwenye temino ya ethi ya amplifaya. Ikisoma zaidi ya nusu volti, fungua bolti, kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae, rudishia na upake grisi kwa juu. Waya uwe mfupi, na mnene kama ule wa chanya.

Kuhusu waya wenyewe, kwangua ncha yake kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyovikwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule. Kwa mziki mkubwa, ukatae.

La mwisho ni fyuzi kwenye waya wa chanya. Kazi yake ni kulinda waya usiwake moto ukichubuka na kugusa bati, ndiyo maana inapaswa kukaa karibu na betri, isizidi sentimeta 45. Mwombe fundi akuonyeshe ilipo kabla hujamlipa, na kama haipo, usiondoe gari gereji.