Je, Wajua? Uwekevu ni Damu au Malezi?
Mahindi yakishauzwa Lumakanda, ndugu wa tumbo moja huachana njia: mmoja hutenga karo ya Januari kabla ya kununua chochote, mwenzake Krismasi humwacha mikono mitupu. Je, wajua kwamba:

• Uchunguzi wa Henrik Cronqvist na Stephan Siegel kuhusu mapacha wa Sweden, uliochapishwa 2015, ulionyesha kuwa takriban asilimia 33 ya tofauti za watu katika kuweka akiba ni za kurithi?

• Malezi huonekana zaidi ujanani, na mtu akifika makamo nguvu ya malezi hayo huwa imepungua sana?

• Si damu na malezi pekee? Magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa baadhi ya wanachama wa vyama vya merigoraundi kisanduku cha chuma chenye tundu la kutumbukizia pesa, kufuli na ufunguo wake. Matokeo, yaliyochapishwa 2013, yalionyesha kuwa matumizi yao kwa kinga ya afya, kama vyandarua, yalipanda kwa zaidi ya asilimia 60.

Kumbe hata asiyezaliwa mwekevu, akipata pa kuweka, huweka.