Mbwa Wako Anakohoa? Mtunze Nyumbani, Lakini Ujue Mipaka

Mbwa ndiye askari wa boma, na wengi wetu hatumfikirii mpaka usiku ule anaposhindwa kubweka. Badala yake anakohoa: kikohozi kikavu, cha nguvu, kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Mwishowe anajikaza kama anayetaka kutapika, anatoa povu jeupe kidogo, kisha anaendelea na shughuli zake.

Mara nyingi huo ni ugonjwa unaoitwa kikohozi cha banda, kwa sababu huenea upesi mahali mbwa wengi wanapolala pamoja. Huletwa na virusi na bakteria wanaoshambulia njia ya hewa. Mbwa huambukizana kwa kukoholeana, kunusana na kunywa maji katika chombo kimoja. Pengine walikutana sokoni, au jike mmoja kijijini alitaka dume na mbwa wote wakamfuata. Dalili huonekana baada ya siku 2 hadi 14.

Habari njema ni kwamba mbwa mkubwa mwenye afya kwa kawaida hupona mwenyewe kati ya wiki 1 na 3. Kwa hivyo tiba ya nyumbani haiui ugonjwa. Kazi yake ni kutuliza koo na kumpa mbwa nafasi ya kupata nguvu.

UNACHOWEZA KUFANYA

1. Mpumzishe. Usimkimbize wala kumpeleka malishoni. Akichangamka sana, kikohozi huzidi.

2. Mfungue kamba shingoni. Kamba inabana pale pale panapouma. Kama ni lazima umfunge, mpitishie mkanda kifuani.

3. Mwondoe kwenye moshi na vumbi. Mbwa anayelala jikoni kando ya mafiga hawezi kupona haraka. Mpe mahali pakavu, penye hewa safi, pasipo na baridi ya usiku.

4. Mpe chakula laini: ugali uliolainishwa kwa supu isiyo na chumvi, kitunguu wala mifupa. Maji safi yawe karibu naye wakati wote.

5. Asali. Koroga kijiko kidogo cha asali katika maji ya vuguvugu, umpe mara 2 au 3 kwa siku. Asali hulainisha koo. Watoto wa mbwa walio chini ya mwaka mmoja usiwape.

6. Mvuke. Weka karai la maji moto ndani ya chumba kidogo, ufunge mlango, ukae naye humo dakika 10 hadi 15. Usimfunike kwa blanketi, na karai liwe mbali asije akaungua. Tumia maji matupu.

7. Mtenge na mbwa wengine, hata wa jirani, mpaka wiki 2 zipite baada ya kikohozi kuisha. Awe na sahani yake, na wewe unawe mikono baada ya kumshika.

USIMPE HIVI KAMWE

Watu wengine wanasema, "Mpe tu ile dawa ya watoto." Hapana! Dawa za maumivu za binadamu zinaweza kumwua mbwa. Paracetamol huharibu ini lake na damu. Ibuprofen huharibu tumbo na figo. Vitunguu, pamoja na kitunguu saumu, huharibu chembe nyekundu za damu. Mafuta ya taa yakiingia mapafuni huleta nimonia. Mafuta ya mkaratusi na ya kafuri, ambayo wengi hutia kwenye mvuke, ni sumu kwake. Na vidonge vya antibiotiki vilivyobaki ndani ya nyumba haviui virusi. Viache mpaka daktari wa mifugo aseme.

WAKATI WA KUMWITA DAKTARI WA MIFUGO

Usingoje kama anayekohoa ni mtoto wa mbwa, mbwa mzee, au jike mwenye mimba. Usingoje pia ukiona amekataa kula, ana homa, au anatoa kamasi nzito. Hesabu pumzi zake akiwa amelala. Mbwa aliyepumzika hupumua kama mara 15 hadi 30 kwa dakika. Zikizidi 40, huenda mapafu yameshikwa. Kama macho yana tongotongo, anahara na misuli inamrukaruka, yaweza kuwa distempa, ambayo huua mbwa wengi.

HATARI: USITIE MKONO MDOMONI

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Mtu akimwona mbwa anahangaika na koo, hudhani ni mfupa, na anaingiza mkono autoe. Lakini mbwa mwenye kichaa naye huonekana hivyo hivyo: koo limelegea, hawezi kumeza, udenda unamtoka, sauti imebadilika. Pengine taya linaning'inia. Pengine mbwa mpole amekuwa mkali, au mkali amekuwa mpole ghafla. Virusi vya kichaa vimo katika mate yake.

Ukiona hivyo, usimguse. Waondoe watoto, mfungie mahali bila kumshika, na uite afisa wa mifugo mara moja. Mtu akiumwa, au mate yakigusa kidonda au macho yake, osha mahali hapo kwa maji mengi kwa muda wa dakika 15. Kidonda kioshwe kwa sabuni pia. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano. Usingoje dalili. Zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

KINGA

Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa anapofika miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Chanjo ya distempa huanza kwa wiki 6 hadi 8. Ya kikohozi cha banda pia ipo. Muulize daktari wa mifugo. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na mpango huo hauwezi kufaulu kama mbwa wetu wanabaki nyumbani siku ya chanjo.

Basi asali na mvuke ni vya kikohozi. Kwa kichaa, dawa ya mbwa ni moja tu: chanjo kabla hajaugua.