KIONGOZI MPYA NA AHADI ZA NCHI

 

Sisi wa Chekereni, chini ya Mlima Kilimanjaro, hatuko mbali na Holili, mpakani mwa Kenya. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikafungua kwa masharti. Mkulima akatambua kuwa siasa ya nje inaingia hadi ghalani mwake.

Machi 19, 2021, siku mbili baada ya kifo cha Rais Magufuli, aliapishwa Rais Samia Suluhu Hassan. Mtangulizi wake hakutoka nje ya Afrika katika urais wake wote. Yeye Mei alilihutubia Bunge la Kenya, Septemba akahutubia Umoja wa Mataifa, na Juni 2022 akazuru Oman. Je, kiongozi mpya ana ruhusa ya kugeuza mambo kiasi gani?

Kuna mambo mawili ya kutenganisha. La kwanza ni yale ya ijtihadi: safari, urafiki na kipi kitangulie. Hayo hubadilika kwa sharti la maslaha ya raia. Umar bin Abdulaziz (R.A.), aliposhika ukhalifa mwaka 99 Hijria, aliliita jeshi lililouzingira Konstantinopoli, nalo lilikuwa limepelekwa na mtangulizi wake.

La pili ni ahadi. Suratul-Maida inaanza kwa amri ya kutimiza mikataba. Ibn Qudama katika Al-Mughni ameeleza kuwa imamu aliyefunga suluhu akifa au akiuzuliwa, suluhu haivunjiki, na aliyemfuata analazimika kuitimiza.

Tukipima kwa kipimo hicho, sura ya kiongozi haitoshi. Tanzania imefungwa na itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu Julai 2010. Julai 2025 serikali ya Rais huyu huyu ilizuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo utengenezaji wa simu na uwakala wa fedha kwa simu, na Kenya ikalalamika. Kumlinda mchuuzi mzawa ni maslaha. Lakini maslaha ya aliyeahidi hutafutwa ndani ya ahadi. Ikidhuru, akae upya na mwenziwe waziwazi, kwani Suratul-Anfal (aya ya 58) imetufunza kutangaza kabla ya kuacha mkataba, hata kwa anayehofiwa hiana.

Basi maimamu wetu, mimbarini tusimsifu wala tusimlaumu kiongozi kwa wingi wa safari zake. Tuulize: raia amenufaika? Ahadi imetimizwa?

Wallahu a'lam.