Kalamu Iliyopinda Si ya Kutupwa

Miongoni mwa mazoea yanayosikitisha katika shule zetu ni kuitupa kalamu ya wino mara tu nibu yake inapopinda. Mwanafunzi huiangusha sakafuni, ikatangulia ncha. Huambiwa anunue biro, na shauri likaishia hapo. Kwa mzazi wa Chebunyo anayetafuta karo kwa maziwa ya ng'ombe wachache, hiyo ni hasara isiyo na sababu.

Neno "kalamu" lenyewe lina funzo. Tulilipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kiyunani, ambamo lilimaanisha tete. Waandishi wa kale wa Lamu na Pate waliandikia matete yaliyochongwa kwa kisu na kupasuliwa nchani. "Biro", kwa upande wake, ni jina la mtu: László Bíró, Mhungaria aliyepata hataza ya kalamu yake mwaka 1938. Biro za bei nafuu tunazonunua leo hazikuundwa ili zitengenezwe.

Nibu ni bamba jembamba la chuma lenye ufa utokao kwenye tundu dogo hadi nchani, hivyo likawa na meno mawili. Wahenga walituusia tuzibe ufa; katika nibu, ufa ndio uhai, kwani ndimo wino unamopita. Meno yakipishana, karatasi hukwaruzwa. Yakiachana mno, wino hukatika.

Tiba yake yawezekana nyumbani. Mwaga wino, osha kwa maji baridi, kisha chomoa nibu kwa upole ikiwa ni ya kuchomoka. Ilaze juu ya ubao laini, uikandamize palipopinda kwa mgongo wa kijiko, kidogo kidogo, ukiitazama kwa lenzi kila mara. Usitumie koleo lenye meno, wala usiikunje huku na huko, maana chuma huchoka kikavunjika. Mwisho, yasawazishe meno kwa ukucha. Hata hivyo, ikiwa kile kichembe kigumu cha nchani kimeng'oka, hapana budi kununua nibu nyingine.

Walimu wenzangu, kazi hii haizidi kipindi kimoja, na ndani yake mna fizikia, subira na uwekevu. Kabla ya kumwagiza mtoto dukani, tumpe kijiko na lenzi. Anayejua kukitengeneza chombo chake cha kuandikia hatakitupa ovyo.