Shoka Libaki Shuleni

Kila likizo inapokaribia, walimu walezi wa vyama vya skauti na vya Tuzo ya Rais huanza kuandaa safari za kambi. Mahema huhesabiwa, sufuria hukusanywa, unga na maharagwe hupimwa. Katika orodha ya vifaa, aghalabu shoka halikosekani, wala hakuna aulizaye ni la nini. Limekuwa ada.

Ada hiyo ina asili yake. Baden-Powell, mwasisi wa uskauti aliyefariki mwaka wa 1941 na kuzikwa Nyeri, aliwafunza vijana kupasua kuni na kujitengenezea kambi kwa miti. Enzi hizo hakuna aliyelaumu.

Leo mambo ni mengine. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inakataza kukata miti katika misitu ya umma bila kibali. Mkosaji hutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 au hufungwa kwa muda usiopungua miezi 6.

Hata hivyo, hofu ya faini isiwe sababu yetu ya pekee. Apandaye Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, hupita msitu mnene na mianzi, kisha hufika mahali ambapo baridi hufanya kila kitu kikue polepole mno. Huko humea senesio, mimea mirefu kama miti, ambayo majani yake yakikauka hayadondoki bali hulifunika shina kama blanketi na kulikinga na baridi kali ya usiku. Mgeni asiyejua hudhani ni kuni zilizokwisha kukauka. Kwa mapigo machache ya shoka, mmea uliokua kwa miaka mingi huishia kuchemsha sufuria moja ya chai.

Wapo watakaosema kuwa kijana asiyejua kushika shoka hajakamilika. Wana haki. Shoka lisilo mpini halichanji kuni, na kijana asiye na ustadi hafai kitu. Lakini ustadi huo ufunzwe shuleni, kwa gogo kavu, mwalimu akiwapo. Mwanafunzi ajifunze kukagua mpini kama umekaza, kutanua miguu, kuhakikisha hakuna mtu karibu, na kufunika makali amalizapo kazi. Ajikataye shuleni hufikishwa zahanati upesi. Ajikataye mlimani huenda akabebwa kwa machela mchana kutwa, wenzake wakiteleza matopeni.

Kambini latosha jiko dogo la gesi pamoja na kisu cha kumenyea viazi. Basi, mwalimu, uandikapo orodha ya safari ijayo, waulize wanafunzi wako shoka ni la kazi gani. Wakikosa jibu, lifute. Msitu umetukaribisha tulale usiku mmoja au miwili. Si adabu mgeni kuvunja nyumba ya mwenyeji wake apate kuota moto.