Kuwaza Si Kutaka

Tuseme ni jioni katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, na mama mmoja kutoka Kivu, Kongo, anakata vitunguu. Mtoto wake wa miezi mitatu yuko mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Ghafla wazo linampita: je, nikimchoma mtoto kwa kisu hiki? Mwili mzima unamsisimka. Anatupa kisu chini, anamfungua mtoto, anampa dada yake, anaingia ndani kusali. Kesho yake anaficha visu vyote. Wiki mbili baadaye hathubutu kubaki peke yake na mtoto, na hajamwambia mtu yeyote sababu.

Mama huyo nimemtunga mimi. Ugonjwa wake sikuutunga. Wataalamu wanauita ugonjwa wa fikra na matendo yanayojirudia, na huwapata takriban watu wawili kati ya kila mia moja katika maisha yao. Wengi wetu tunaujua kwa yule anayeosha mikono hadi ngozi inachubuka, au anayerudi mara kumi kuhakikisha kama mlango umefungwa. Sura hii nyingine, ya fikra za kuua au kuumiza, haizungumzwi. Nani atafungua mdomo aseme jambo kama hilo mbele ya mumewe au mama mkwe?

Lugha yetu ililijua jambo hili kabla ya hospitali. Neno wasiwasi limetoka katika Kiarabu, lenye maana ya mnong'ono unaorudi rudi moyoni, na limo katika sura ya mwisho ya Kurani. Msomi Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliziandikia fikra hizo sura nzima katika kitabu chake cha afya ya mwili na nafsi, akizitenga na hofu, huzuni na hasira. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1978, Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wazima wasio na ugonjwa wowote kama huwajia fikra mbaya wasizozitaka. Karibu wanane kati ya kumi walikubali. Na huko Canada, utafiti wa mwaka 2008 ulikuta kwamba karibu nusu ya akina mama waliojifungua mara ya kwanza wamewahi kujiwa na wazo la kumdhuru mtoto wao kwa makusudi.

Basi wazo lenyewe si ugonjwa. Mama mwingine angeguna, "Shindwa!", akaendelea na vitunguu vyake. Mgonjwa hulichukua kama ushahidi kwamba yeye ni muuaji aliyejificha. Anakimbia kisu, na moyo unatulia kidogo. Utulivu huo ndio mtego: akili inajifunza kwamba aliponea chupuchupu, hivyo kesho inapiga kelele zaidi. Kuficha visu, kumuuliza mume kila saa "mimi si mtu mbaya, sivyo?", kurudia sala ileile mara hamsini ili kufuta wazo, yote hayo ni kuni zinazochochea moto uleule.

Nakivale pana ugumu wake. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi wa Rwanda, na leo yana zaidi ya watu laki moja, wakiwemo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali. Wengi wameona damu kwa macho yao. Ndiyo maana mtu akisema "picha za mauaji zinanijia", msikilizaji hufikiria vita kwanza, na mara nyingi huwa sahihi. Lakini anayekumbuka panga lililomkosa yeye si sawa na anayeogopa kwamba yeye ndiye atakayeshika panga. Wa kwanza anasumbuliwa na yaliyopita, wa pili na yasiyotokea kamwe. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na kila moja lina tiba yake.

Hapo ndipo tafsiri inapoweza kumponza mgonjwa. Mama anasema kwa Kiswahili cha Kivu kwamba anawaza kumuua mtoto. Mkalimani akiteleza kidogo, mhudumu anaandika kwamba anataka kumuua mtoto. Kitenzi kimoja tu, na mama aliyekuja kuomba msaada anaweza kunyang'anywa mtoto. Swali la kumuuliza ni fupi: wazo hilo likija, unalipenda au linakutisha? Mgonjwa wa aina hii hutishika, huona haya, hukimbia. Si mtu hatari. Anateswa na kinyume cha anachokipenda. Tofauti ni yule anayesikia sauti zikimwamuru, anayeamini mtoto ni pepo, au mwenye hasira na mpango. Huyo asiachwe peke yake hata saa moja, afikishwe hospitali mara moja.

Fikra hizi haziwatesi akina mama peke yao. Ukikaribia mji wa Mbarara kwa barabara ya Masaka unaikuta Makenke, kambi ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda. Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini tangu enzi za KAR, jeshi la wakoloni Waingereza. Lakini si rahisi kutamka kwa lugha yoyote, "Afande, nawaza kumpiga risasi mwenzangu." Askari ajiwaye na fikra hiyo akiwa na bunduki begani ana sababu mbili za kunyamaza: aibu na kazi yake. Naye anahitaji daktari atakayemchunguza kwa makini kabla ya kumhukumu.

Tiba ipo. Mwaka 1966 Victor Meyer, jijini London, alichapisha taarifa za wagonjwa waliopata nafuu baada ya kusaidiwa kukikabili wanachokiogopa bila kukimbilia desturi zao za kujituliza. Kwa mama wetu ni ngazi, hatua kwa hatua, akiongozwa na mtu aliyefunzwa. Kwanza analiandika neno "kisu" na kulitazama. Kisha anakiweka kisu mezani, anakishika, anakata vitunguu mtoto akiwa chumba cha pili. Mwishowe anavikata vitunguu huku mtoto akiwa mgongoni, hofu ikipanda hadi inashuka yenyewe, bila sala ya kufuta wala kumwuliza mtu. Dawa kama fluoxetine husaidia pia. Mara nyingi kipimo huwa kikubwa kuliko cha sonona, na huchukua wiki nane hadi kumi na mbili kuonyesha nguvu yake. Asiiache ghafla kwa kuona haifanyi kazi.

Je, kazi hiyo inahitaji profesa? Nakivale yenyewe imejibu nusu ya swali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Frank Neuner na wenzake uliwahusisha wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia wenye jeraha la kiakili la vita. Waliowahudumia hawakuwa madaktari, bali watu wa makazini waliofunzwa, na wagonjwa wengi walipata nafuu. Ugonjwa ule ni tofauti na huu, lakini somo ni lilelile: jirani aliyefunzwa vizuri anaweza kutibu. Mbarara kuna hospitali ya rufaa yenye idara ya afya ya akili, pamoja na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Wawafunze wahudumu na wakalimani wa Nakivale ugonjwa huu pia.

Kwa wachungaji na masheikh, ombi moja. Wao ndio mara nyingi huambiwa kwanza. Mama akija na siri hiyo, msimkemee pepo mbele ya umati, kwa maana mtamthibitishia hofu yake. Mwombeeni, kisha mpelekeni kituo cha afya.

Na wewe unayesoma huku umeficha kisu mahali: kumwambia mhudumu wa afya si kukiri kosa. Mwambie hivi, "Nawaza nisichokitaka." Tiba huanzia hapo.